Kidonge cha Presha na Chungu cha Jikoni

Somo la afya kwa redio, lililopigwa chapa kwa matumizi ya madarasa ya kisomo cha watu wazima

Natumaini mmekwisha kuketi, daftari zi wazi na kalamu ziko mkononi. Namwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno mawili: DAWA na CHAKULA. Katika somo la leo tutayaunganisha maneno hayo mawili.

Tumfikirie mtu aliyekwenda zahanati, akapimwa, akaambiwa ana shinikizo la damu, ambalo wengi wetu twaliita presha. Amepewa vidonge vya kumeza kila siku. Anarudi nyumbani na vidonge vyake mfukoni, na njiani anajiuliza, "Sasa nile nini?" Jirani wa kwanza amwambia aache chumvi kabisa. Jirani wa pili amwambia anywe madafu kwa wingi. Jirani wa tatu amwambia atupe vidonge, kitunguu saumu chatosha. Je, amsikilize nani?

Mimi ni afisa elimu, si daktari. Sitakuambia umeze dawa gani. Kazi yangu ni kusaidia watu wasome, na leo nataka usome kitu kidogo lakini chenye thamani kubwa, nacho ni jina lililochapwa juu ya boksi la dawa yako. Sababu ni hii: chakula kile kile chaweza kumfaa mtu anayemeza dawa moja, na kumdhuru mwenzake anayemeza dawa nyingine. Anayejua jina la dawa yake aweza kuuliza swali lililo sawa. Asiyelijua hubaki kufuata maneno ya jirani.

1. PRESHA NI NINI?

Moyo ni pampu. Kila unapopiga, husukuma damu katika mishipa. Damu ile husukuma kuta za mishipa, kama vile maji yanavyosukuma kuta za mpira wa kumwagilia bustani. Nguvu ya kusukuma ndiyo shinikizo. Nguvu hiyo twaihitaji sote, maana bila yake damu isingefika kichwani wala miguuni. Taabu huja nguvu ikizidi siku zote.

Mpimaji huandika namba mbili, moja juu ya nyingine, kama tuandikavyo sehemu katika hesabu. Mfano ni 120/80. Namba ya juu ni nguvu wakati moyo unaposukuma. Namba ya chini ni nguvu wakati moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Mtu mzima akipimwa kwa siku mbalimbali, na namba ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini ikawa 90 au zaidi, huhesabiwa kuwa ana shinikizo la juu la damu.

Ugonjwa huu huja bila kubisha hodi. Mtu aweza kuwa na 180/110 naye analima, anavua samaki, anauza dukani, wala haumwi popote. Lakini ndani mishipa inachoka. Mwisho wake waweza kuwa kiharusi, ugonjwa wa moyo, figo kushindwa kazi, au macho kupoteza nuru. Kwa hiyo kutosikia maumivu si dalili ya kupona.

2. DAWA NA CHAKULA NI WENZI

Zamani hapakuwa na vidonge rahisi vya presha. Kuanzia mwaka 1939, daktari mmoja jina lake Walter Kempner, katika Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, alianza kuwalisha wagonjwa wake wali, matunda na sukari, karibu bila chumvi kabisa. Wengi wao presha ilishuka. Lakini chakula kile kilikuwa kigumu kuvumilia, maana ni nani awezaye kula wali mtupu na matunda mwezi baada ya mwezi?

Mwaka 1958 dawa iitwayo Chlorothiazide ilianza kuuzwa. Ilikuwa kidonge cha kumeza, na kazi yake ilikuwa kuziamuru figo zitoe chumvi na maji kwa njia ya mkojo. Hapo tuone jambo moja. Chakula cha Kempner kilizuia chumvi isiingie mwilini, na kidonge kiliitoa chumvi iliyokwisha kuingia. Njia ni mbili, lakini adui ni mmoja.

Basi mtu anayemeza kidonge cha namna hiyo asubuhi, kisha adhuhuri akala samaki wa chumvi na mchuzi uliokolea chumvi, amefanana na mtu anayechota maji kutoka ndani ya mtumbwi huku ameliacha tundu wazi. Atachota mpaka mikono ichoke, na maji hayatapungua. Daktari akiona presha haishuki, huongeza kidonge cha pili, na pengine cha tatu, kumbe kasoro iko katika chungu cha jikoni.

Nguvu ya chakula imepimwa. Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio kwa watu 459. Baadhi yao walilishwa mboga nyingi, matunda mengi, na maziwa yaliyopunguzwa mafuta, kwa muda wa wiki 8, bila dawa ya presha. Kwa wale waliokuwa na presha ya juu, namba ya juu ilishuka kwa kadiri ya 11 na ya chini kwa kadiri ya 5. Mwaka 2001 wakatangaza jaribio la pili, lililoonyesha kwamba chumvi ikipunguzwa pia, presha hushuka zaidi.

Je, hii ni ruhusa ya kutupa vidonge? Hapana. Mtu mwenye 170 akipunguza 11 amebaki na 159, na 159 bado ni hatari. Chakula chema hukisaidia kidonge, lakini hakikai mahali pake.

3. HESABU YA CHUMVI

Sasa chukueni kalamu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Gramu 5 ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu, si kilichorundikwa. Hiyo ni chumvi yote ya siku, pamoja na ile iliyo katika mkate na katika samaki.

Tuseme katika nyumba moja kuna watu wazima 6, nao wanunua pakiti ya chumvi ya nusu kilo, yaani gramu 500. Pakiti hiyo yapaswa kukaa siku ngapi?

Watu 6 mara gramu 5 ni gramu 30 kwa siku.
Gramu 500 gawanya kwa 30 ni siku 16, na gramu 20 zabaki.

Kwa hiyo pakiti isipungue siku 16. Na kama watu hao hula pia mkate na vitu vingine vya dukani vyenye chumvi, pakiti yapaswa kukaa zaidi ya hapo.

Sasa tuseme pakiti hiyo huisha kwa wiki moja. Gramu 500 gawanya kwa siku 7 ni karibu gramu 71 kwa siku. Gawanya kwa watu 6, kila mmoja apata karibu gramu 12. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kipimo. Ni kweli kwamba chumvi nyingine humwagwa pamoja na maji ya kupikia, lakini hesabu hii yatosha kukuonyesha njia unayoiendea.

Kazi ya nyumbani ni hii. Siku utakapofungua pakiti mpya ya chumvi, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Itakapokwisha, hesabu siku. Hapo utaijua nyumba yako kwa namba, wala hutahitaji kubahatisha.

Neno moja la tahadhari. Usiiache chumvi yenye madini joto ukanunua ile isiyo na madini hayo. Madini joto huzuia rovu na huzisaidia akili za watoto. Tunachopunguza ni wingi wa chumvi, ubora wake tunauhifadhi.

4. CHUMVI ILIYOJIFICHA

Chumvi ya mezani yaonekana. Iliyo ngumu ni ile iliyojificha. Tuitafute mahali panne.

Kwanza, samaki wa kuhifadhiwa. Ng'onda, papa mkavu na nguru wa chumvi wamekaa ndani ya chumvi ili wasioze. Kama ndicho kitoweo ulicho nacho, mroweke samaki katika maji usiku kucha, umwage maji yale, umroweke tena katika maji mapya, kisha umpike bila kuongeza chumvi yo yote. Afadhali zaidi ni samaki mbichi, au dagaa waliokaushwa kwa jua bila chumvi. Uonje dagaa mmoja kabla ya kununua, ulimi utakuambia.

Pili, magadi. Mama wengi hutia magadi katika makande, maharage na mboga za majani ili ziive upesi. Magadi si chumvi ya mezani, lakini yana sodiamu ndani yake, na sodiamu ndiyo ile sehemu ya chumvi ipandishayo presha. Mpishi aweza kusema kweli kabisa kwamba hakutia chumvi, na huku sodiamu imejaa chunguni. Dawa yake ni kuroweka maharage na mahindi tangu jana yake, umwage maji hayo, kisha upike. Kuni hupungua na magadi hayahitajiki.

Tatu, vidonge na unga wa kukolezea mchuzi vinavyouzwa dukani. Sehemu kubwa ya vitu hivyo ni chumvi. Mwenye kutia kidonge cha mchuzi kisha akatia na chumvi ametia mara mbili. Nyanya, vitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, dania, pilipili manga na nazi hutoa ladha nzuri bila kazi hiyo.

Nne, vya njiani na vya kutafuna. Chipsi zilizonyunyiziwa chumvi, karanga za chumvi, bisi, soseji, na embe bichi la kuchovya katika chumvi na pilipili. Embe lenyewe halina hatia.

Ulimi hufundishika. Ukipunguza chumvi kidogo kidogo, baada ya wiki chache chakula hakikuonekani tena kuwa chapwa. Anza kwa kuondoa kikopo cha chumvi mezani, maana mkono huenda huko kabla mtu hajaonja.

5. SOMA BOKSI LAKO

Sasa tumefika katika kiini cha somo. Toa boksi la dawa yako. Kama ulipewa vidonge katika bahasha ya karatasi, soma kilichoandikwa juu ya bahasha. Kama hakikuandikwa jina, rudi ukamwombe mtoa dawa aliandike. Ni haki yako kulijua.

Majina ya dawa ni marefu na ya kigeni, lakini usiogope. Nitayaandika kama yalivyochapwa kwenye maboksi, ili macho yako yayatambue. Huna haja ya kuyatamka vizuri. Tazama herufi za mwisho wa jina, maana hizo ndizo zinazotaja ukoo wa dawa.

Ukoo wa kwanza: dawa za kuongeza mkojo. Majina yake ni kama Hydrochlorothiazide, Bendroflumethiazide na Furosemide. Herufi za mwisho za mengi ni THIAZIDE. Dawa hizi hutoa chumvi na maji, lakini mara nyingi hutoa pia madini mengine yaitwayo potasiamu. Potasiamu huisaidia misuli na moyo kufanya kazi. Ikipungua mno, mtu huona misuli inalegea au inakaza, na moyo waweza kupiga ovyo. Kwa mtu huyu, kama figo zake ni nzima na hamezi pia dawa za ukoo wa pili, vyakula vyenye potasiamu ni rafiki: ndizi, viazi, maharage, mchicha, machungwa, parachichi, maji ya dafu. Meza dawa hizi asubuhi, usije ukaamka kwenda chooni usiku kucha.

Ukoo wa pili: dawa ambazo majina yake huishia na PRIL, kama Enalapril, Captopril na Lisinopril, au SARTAN, kama Losartan na Telmisartan. Pamoja nazo tuiweke dawa iitwayo Spironolactone, ambayo huongeza mkojo lakini huizuia potasiamu isitoke. Dawa hizi zote hufanya potasiamu ibaki mwilini. Kwa watu wengi wenye figo nzima, chakula cha kawaida hakileti shida. Lakini kama figo zimeanza kuchoka, au kama mtu anywa madafu mengi kila siku kwa kuambiwa kuwa ni dawa, potasiamu yaweza kupanda mpaka kuudhuru moyo, hata kuusimamisha.

Hebu mlinganishe. Kuna mzee mmoja Tanga, anameza Hydrochlorothiazide peke yake, na dafu la mchana lamfaa. Kuna mama mmoja Moshi, anameza Losartan na Spironolactone, figo zake zina kasoro, na kila siku anakula mtori na ndizi za kuchoma. Yule mzee akimshauri yule mama anywe madafu kama anavyofanya yeye, atakuwa amempa shauri jema lililokosa mahali pake. Si dafu lililobadilika, ila ni dawa iliyo mwilini. Mama huyo asijikataze ndizi kwa hofu tu, bali amwulize daktari wake, na damu yake ipimwe ijulikane potasiamu iko kiasi gani.

Jambo hili lahusu pia ile chumvi mbadala inayouzwa katika maduka makubwa ya mjini. Ndani yake sodiamu imepunguzwa na potasiamu imewekwa mahali pake. Kwa watu wazima wengi chumvi hiyo ni nafuu kwa presha. Lakini mwenye ugonjwa wa figo haimfai, na anayemeza dawa za ukoo wa pili asiitumie kabla ya kumwuliza daktari.

Na mama mwenye mimba, au anayetarajia kuipata, amwambie daktari mara moja kama boksi lake lina PRIL au SARTAN, kwa kuwa dawa hizo zaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asikae kimya, na dawa nyingine zinazofaa zipo.

Ukoo wa tatu: dawa ambazo majina yake huishia na DIPINE, kama Amlodipine, Nifedipine na Felodipine. Hizi hulegeza mishipa. Tunda la kuangalia hapa ni balungi. Mwaka 1989 wataalamu wa Kanada walikuwa wakijaribu kuona jinsi pombe inavyochanganyika na Felodipine. Ili kuficha ladha ya pombe walitumia maji ya balungi. Wakashangaa kuona dawa katika damu imekuwa nyingi kuliko walivyotazamia. Uchunguzi ukaonyesha kwamba balungi huzuia kazi ya kitu kimoja katika utumbo, ambacho kwa kawaida huivunja sehemu ya dawa kabla haijaingia katika damu. Basi kidonge kimoja hufanya kazi kama viwili, presha hushuka ghafla, na mtu huona kizunguzungu. Jambo hili ni kubwa kwa Felodipine, lipo kwa Nifedipine, na kwa Amlodipine ni dogo. Nguvu ya balungi hukaa mwilini kwa siku nzima au zaidi, kwa hiyo kumeza dawa asubuhi na kula balungi jioni hakusaidii. Chungwa tamu la kawaida halina kasoro hiyo.

Ukoo wa nne: majina yanayoishia na OLOL, kama Atenolol na Propranolol. Hizi hutuliza mapigo ya moyo. Kubwa hapa ni kutoziacha ghafla, kwani moyo waweza kuruka kwa kasi na maumivu ya kifua yakafuata.

Wakati mwingine kidonge kimoja kina dawa mbili. Ukiona baada ya Losartan pameandikwa H au HCT, ujue ndani yake mna pia Hydrochlorothiazide. Basi wewe u wa koo mbili, na swali la potasiamu ni la daktari kujibu, wala si la jirani.

6. SAA YA KUMEZA NA SAA YA KULA

Dawa nyingi za presha humezwa kwa chakula au bila chakula, mradi iwe saa ile ile kila siku. Captopril ni tofauti: humezwa saa moja kabla ya kula, kwa sababu chakula hupunguza kiasi kinachoingia katika damu. Kama huna saa ya mkononi, funga dawa yako na jambo usilolikosa kila siku, kama vile kupiga mswaki au adhana ya alfajiri.

Ndugu Waislamu wakati wa Ramadhani, na Wakristo wanaofunga, nendeni kwa daktari kabla ya mfungo kuanza. Mara nyingi aweza kupanga dawa zikamezwa wakati wa futari au wa daku. Msipange wenyewe, hasa mnaomeza dawa za kuongeza mkojo, kwa sababu mwili ukikosa maji mchana kutwa, presha yaweza kushuka mno.

Pombe hupandisha presha kwa mnywaji wa kila siku, tena ikikutana na dawa huweza kumwangusha mtu kwa kizunguzungu anaposimama. Kahawa hupandisha namba kwa muda mfupi, kwa hiyo usinywe katika nusu saa kabla ya kupimwa.

Tena kuna vidonge vya maumivu tunavyonunua dukani kama pipi. Diclofenac na Ibuprofen huzuia figo zisitoe chumvi, na huzipunguzia nguvu dawa za presha. Vile vidonge vinavyochemka katika glasi ya maji mara nyingi vina sodiamu nyingi. Ukiumwa mgongo, mwambie mwuza dawa kwanza, "Natumia dawa ya presha, na jina lake ni hili."

7. SAHANI YA SIKU MOJA

Hakuna haja ya chakula cha kigeni wala cha tajiri. Asubuhi, uji wa ulezi au wa dona bila chumvi, na papai au chungwa. Mchana, ugali wa dona, mchicha au kisamvu kisicho na magadi, na samaki mbichi wa kuchemsha kwa ndimu na nyanya. Jioni, wali kiasi, maharage yaliyorowekwa, na kachumbari isiyo na chumvi. Mafuta yawe kidogo, sukari iwe kidogo. Mwenye uzito mkubwa akipungua kilo chache, presha nayo hushuka.

Nusu ya sahani iwe mboga na matunda. Robo iwe ugali, wali au viazi. Robo iwe samaki, maharage, kunde au nyama isiyo na mafuta. Anayeambiwa na daktari apunguze potasiamu ndiye atakayepewa utaratibu wake tofauti.

Na mpishi je? Pengine mgonjwa ni baba, na anayepika ni mama au binti. Basi somo hili limfikie aliye jikoni. Wala si lazima kupika vyungu viwili. Chumvi kidogo yawafaa wote wa nyumba, maana watoto wa mwenye presha nao wamo katika njia hiyo hiyo.

8. USIACHE DAWA

Watu wengi humeza vidonge mwezi mmoja, wakapimwa, wakaona 128/80, wakasema, "Nimepona." Wakaacha. Hawajapona. Namba ile nzuri ililetwa na kidonge, kama vile paa linavyozuia mvua. Ukiezua paa kwa kuwa ndani ni pakavu, mvua ijayo itakulowesha. Kitunguu saumu ni chakula kizuri, na chai za majani hunywewa. Lakini ni daktari peke yake, kwa vipimo, awezaye kukupunguzia au kukuachisha dawa.

Ukimwona mtu mdomo umependa upande mmoja, au mkono umelegea ghafla, au maneno hayatoki sawa, hiyo yaweza kuwa dalili ya kiharusi. Usimpe chakula wala maji wala kidonge. Mpeleke hospitali saa ile ile, na boksi lake la dawa mchukue nalo. Daktari atalisoma jina, na jina hilo laweza kumwokolea muda mwingi.

MUHTASARI

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku. Magadi na vidonge vya mchuzi vihesabiwe pamoja nayo. Soma jina la dawa yako, utambue ukoo wake, na uulize juu ya potasiamu. Anayemeza dawa ya DIPINE ajihadhari na balungi. Meza kila siku kwa saa yake, wala usiache kwa sababu huumwi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Shinikizo: nguvu ya kusukuma.
Sodiamu: madini yaliyomo katika chumvi na magadi, yapandishayo presha.
Potasiamu: madini yaliyomo katika ndizi, maharage na madafu, ambayo moyo huyahitaji kwa kiasi.
Kiharusi: ugonjwa wa ghafla wa ubongo, damu inapozuiwa kufika au mshipa unapopasuka.

MASWALI YA DARASA

1. Nyumba yenye watu wazima 4 hufungua pakiti ya chumvi ya gramu 500. Kwa kipimo cha gramu 5 kwa kila mtu, yapaswa kukaa siku ngapi?
2. Kwa nini mpishi aliyetia magadi hawezi kusema kwamba chungu chake hakina sodiamu?
3. Mzee wa Tanga na mama wa Moshi wamemeza dawa gani? Kwa nini dafu ni jema kwa mmoja, na kwa mwingine ni la kuuliza kwanza?
4. Andika katika daftari lako jina la dawa moja ya presha iliyomo nyumbani kwako au kwa jirani, herufi kwa herufi kama ilivyochapwa. Herufi zake za mwisho ni zipi? Ni ya ukoo gani?

Swali la nne usilifanye kwa kukisia. Nenda ukalitazame boksi lenyewe. Kisha karatasi uliyoandika jina hilo uikunje, uiweke pamoja na kadi ya kliniki, na siku ya kupimwa uende nayo. Kwaherini, ndugu wanakisomo, na afya njema.